Dorkasi, Ramli ya Wachina na Siku za Wamaya

Wapendwa waombolezaji, mimi Heri, mdogo wake wa mwisho, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na kwa kuwa mwenyewe alipenda utani, mkisikia pa kucheka, chekeni.

Dorkasi Yohane Shekiango alizaliwa hapa Kwai tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa Mzee Yohane na Mama Evelina, akasoma shule ya msingi kuanzia 1967 hadi 1973, akamaliza sekondari 1979, na mwaka 1984 akahitimu shahada ya historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaanza kufundisha sekondari Lushoto.

Mwaka 1988 alipata nafasi ya masomo Beijing, na huko akavutiwa na ramli ya kale ya Wachina, ambamo mtu hurusha sarafu na kupata mistari sita, mingine mizima, mingine iliyokatika katikati, na bwenini akaishi na dada mmoja Mmaya kutoka kusini mwa Mexico, aliyemweleza kalenda takatifu ya kwao, yenye siku mia mbili na sitini, kila siku na ishara yake, kama kulungu au upepo. Tasnifu yake ililinganisha mambo hayo mawili, akaonyesha kwamba Mchina huiendea ishara akiwa na swali, ilhali Mmaya hupewa ishara yake siku anayozaliwa, kabla hajajua kuuliza.

Aliporudi mwaka 1991 na kuwasimulia wanafunzi habari hizo, maneno yakaenea kwamba Mwalimu amekuja na uganga, wengine wakataka azuiwe meza ya Bwana, basi baraza la wazee wa kanisa likamtuma mwenzao kijana kuliko wote, Benjamini, seremala wa Gare, akamhoji. Benjamini huyo, ambaye leo ni shemeji yetu, yupo hapa na ameniruhusu niseme, alimwuliza, "Mwalimu, wewe unaamini lipi kati ya hayo?" naye akamjibu, "Namwamini Kristo, mzee wangu, ila nataka kujua watu wa mbali wanaiogopaje kesho, maana hata sisi tunaiogopa."

Benjamini alilieleza baraza kwamba uganga hakuuona, ila bado ana maswali, akarudi, akarudi tena, mpaka baba akamwuliza kama maswali hayo hayahitaji posa, na tarehe 18 Septemba 1993 wakafunga ndoa, wazee wale wale wakicheza mstari wa mbele. Mungu akawajalia Anord mwaka 1994 na Scholastica mwaka 1997.

Alistaafu mwaka 2019, akafuga ng'ombe wa maziwa, akaanza kuugua moyo Novemba 2024, na asubuhi ya tarehe 9 Juni 2025 akafariki hospitalini, Benjamini akiwa amemshika mkono, muda mfupi baada ya dada kumcheka mumewe huyo kwa kuvaa sweta kinyume.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa dini zote, na walimu wenzake, hasa Mwalimu Zainabu aliyekesha naye.

Dada Dorkasi, ng'ombe wamekamuliwa, nyumba imejaa wageni, Benjamini amekula, usiwe na wasiwasi na sisi, pumzika kwa amani.