Kibao Alichovikwa Getruda Akiwa Amepiga Magoti

Wazee, Mchungaji, majirani wa Mtwango, nanyi mliotoka Makambako alfajiri kwa lori, familia imempa Hulda, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, naye anaomba mumvumilie, mtoto aliye mgongoni mwake akilia ataendelea kusoma hivyo hivyo, maana akinyamaza anaogopa hataweza kuanza tena.

Marehemu Getruda alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Mtwango, wilaya ya Njombe, mtoto wa pili wa Mzee Enoki na Mama Fidelia, ambao wote wawili wameketi hapa mbele, akabatizwa mwaka uleule, na wengi tangu jana wanasema alikuwa mtoto mpole, jambo ambalo Hulda, aliyelala naye mkeka mmoja, hakubaliani nalo, Getruda alikuwa na mdomo.

Alianza shule ya kijiji Januari 1946, shule ya kati mwaka 1950, na Januari 1954 akapata nafasi ya darasa la tisa katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni, ambayo familia imeomba isitajwe jina, na mwaka uliofuata Hulda naye akaingia hapo. Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, wakakariri habari za theluji na za kituo cha treni, vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuviona, wakasimamishwa juu ya benchi kurudia neno moja mpaka mwalimu wa Kizungu, waliyemwita Bibi, aridhike, Hulda akisifiwa kwa matamshi, Getruda sauti ikimtetemeka darasa zima likicheka, lakini kwa kuandika hakuna aliyemfikia, na insha yake juu ya jiko la mama yake Bibi aliisoma mbele ya shule nzima.

Karatasi aliyopewa Hulda jana ilisema hapa kwamba marehemu aliacha shule mwaka 1955 baada ya kushindwa Kiingereza. Mstari huo Hulda ameukata, na Mzee Enoki amsamehe, kwa sababu si kweli, na aliyeuleta nyumbani uongo huo ni Hulda mwenyewe.

Shuleni kulikuwa na kibao cha mti, kimetobolewa na kutiwa kamba, aliyesikika akisema Kibena au Kiswahili alivikwa shingoni, akatembea nacho akimvizia mwenzake ateleze ili amvishe yeye, na aliyevikwa mara tatu katika muhula mmoja alirudishwa kwao. Getruda alikuwa amevikwa mara mbili, mara moja kwa kuimba akipukuchua mahindi, mara ya pili kwa kuungua na uji, maana nani analia kwa Kiingereza, na Hulda naye alikuwa amevikwa mara mbili. Jumamosi tarehe 17 Septemba 1955 Mama Fidelia alifika getini kwa miguu, na tenga la viazi kichwani, wakati kibao kiko shingoni mwa msichana aitwaye Oktavia, naye Oktavia yuko hatua tatu tu nyuma ya Hulda, anasikiliza. Mama akatua tenga, akamsalimu mwanawe, "Kamwene," na kila Mbena aliye hapa anajua mtoto anavyompokea mama yake, anapiga magoti, anamshika mkono, anaitikia. Hulda alibaki amesimama wima, akamjibu kwa Kiingereza, kama anavyojibiwa mgeni wa ofisini.

Mama akatazama huku na huku, akauliza kwa Kibena, "Huyu mtoto anaumwa nini, mbona hanijui?" Getruda alikuwa anatoka kisimani, akaitua ndoo, akapiga magoti kwenye tope, akamshika mama mkono, akamsalimu kwa Kibena polepole mpaka mwisho, akamuuliza habari za nyumbani, za baba, za ng'ombe, hakuruka hata moja, na Oktavia akakivua kibao akamvisha palepale, magoti yake yakiwa bado chini. Mama alidhani ni zawadi ya kushinda masomo. Akapiga vigelegele.

Jumatatu Getruda akarudishwa nyumbani, na baba alipomuuliza sababu alinyamaza, na Desemba barua ya shule ilipofika, imeandikwa Kiingereza, Mzee akampa Hulda aisome, hakumpa mwenye kosa. Kusema kweli kulikuwa ni kusema vilevile jinsi alivyomkana mama, kwa hiyo Hulda aliangalia zile herufi akasema, "Imeandikwa kwamba ameshindwa Kiingereza." Getruda, aliyeielewa barua ile kuliko aliyeisoma, alimtazama mara moja tu, akaendelea kukoroga uji, na Mzee akasema hatampeleka shule nyingine mtoto asiyejua.

Mwaka 1956 alikwenda Makambako kwa shangazi yake, akauza chai na viazi vya kuchemsha pale njia panda, na wenyeji wa Makambako ni mashahidi, ni nani aliyewaandikia barua zenu za Kiingereza za kwenda Boma, za leseni, za mirathi, za mwanao aliyepotelea migodini. Mzee alipomwambia kila Krismasi, "Mwenzio Hulda kafika darasa la kumi na mbili," Getruda alikuwa anajibu, "Ndiyo baba, huyo ana kichwa," na Hulda alikula pilau.

Tarehe 12 Oktoba 1957 alifunga ndoa na Bwana Filemoni, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili, Yoeli wa mwaka 1958 na Telesia wa mwaka 1960. Mwezi Aprili mwaka huu alianza kukohoa, Mei akalazwa hospitali, Hulda akaenda kumtazama mara tatu na neno hili mdomoni, na mara zote tatu akaongea habari za mvua, na Ijumaa tarehe 9 Juni 1961, saa nne asubuhi, Getruda akafariki.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi, Bwana Filemoni aliyeegesha lori wiki tano akae naye, madereva wenzake, kina mama wa njia panda waliowalisha watoto, na majirani mliochimba kaburi kwenye baridi hii.

Mama Fidelia hasikii Kiswahili vizuri, hajajua bado ni nini kimesomwa, kwa hiyo karatasi hii ikiisha Hulda atakwenda mbele yake, atapiga magoti, atamsalimu kwa Kibena, kisha atamwambia kile kibao hakikuwa zawadi, na kama mama hataitikia, atabaki hapo chini.

Dada Getruda, kibao kilikuwa cha Hulda. Amekichukua. Pumzika kwa amani.