Taa Nyekundu za Voi

Baada ya alasiri, Ubaid aliigeuza kompyuta yake ikaelekea dirishani, ili waliokaa barazani kwake, nyuma ya Biashara Street, waone treni za mchezo. Kompyuta ilikuwa imekalia meza ya cherehani ya mkewe Sheikha, naye alishatoa neno la mwisho: treni zisipofika mwisho wa safari leo, cherehani yarudi mezani. Maskini Ubaid, aliipenda kompyuta ile kupita kiasi. Badawi, aitwaye Dira kwa kuwa hakuna asilolijua, alipewa treni itokayo Mombasa. Ngowa wa bandari ya Mbaraki, aitwaye Winchi, akapewa ya kutoka Nairobi. Ubaid aliandika ratiba kama kila mmoja alivyomwagiza, kisha kompyuta yenyewe ikachagua njia na kuwasha taa. Treni zikafika Voi, zikasimama ubavu kwa ubavu. Taa zikawa nyekundu, zikabaki nyekundu.

— Ni ndovu, akasema Dira. Voi kumejaa ndovu. Kompyuta yangoja wapite.

— Mbona hatuwaoni, Mzee? akauliza Winchi.

— Wako nje ya kioo, yakhe.

— Mimi naona dereva wangu ameshuka, akasema Winchi. Ana mke Voi.

— Na wangu?

— Amealikwa chakula.

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Ubaid hakucheka.

— Ami, kompyuta haijui ndovu wala wake. Yafuata ratiba tu.

Akaanza upya. Zikafika Voi, zikasimama. Dele la kahawa nalo likatoa tone la mwisho.

Hapo Sheikha akatokea kwa jirani Mwanatumu, alikokuwa akishonea, cherehani mikononi.

— Treni ya Ami Dira yangoja nini?

Ubaid akaisoma ratiba.

— Yangoja ya Winchi iondoke. Ami mwenyewe alitaka mwenzake atangulie.

— Ndiyo adabu, mwanangu, akasema Dira.

— Na ya Winchi?

Ubaid akasoma, akarudia kusoma.

— Yangoja ya Ami.

— Nimpite mtu mzima? akasema Winchi. Haiwi!

— Basi nani aondoke kwanza?

Ubaid akaweka kidole tayari.

— Niambieni. Nifute amri ya kungoja ya nani?

— Si yangu, akasema Dira.

— Wala yangu.

Sheikha akaelekea mlangoni. Dira na Winchi wakainuka mbio kumpokea mzigo, wakakutana kizingitini.

— Tangulia, Mzee.

— La, wallahi, tangulia wewe.

Sheikha akapita katikati yao na cherehani yake.