Dada Yetu na Ukurasa wa Kumi na Moja

Ndugu waombolezaji, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie, kwani sehemu moja aliiandika mwenyewe, akaniapisha nisiiruke.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na muuguzi, akaanza shule Januari 1958, akahitimu shahada ya uzamivu ya fizikia tarehe 12 Juni 1980, na hadi alipostaafu mwaka 2016 alifundisha chuo kikuu, akitafuta kwa kalamu na karatasi tu kwa nini metali fulani zikipozwa mno hupitisha umeme bila kupoteza hata chembe, kazi ambayo nyumbani ilimpatia jina la Profesa Barafu, naye akalipenda.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1981 na mwalimu wa hesabu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2012, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1994 mwanafunzi wake alimwonyesha kwamba, kwenye ukurasa wa kumi na moja wa nadharia iliyompa sifa, alikuwa amehesabu kana kwamba atomi zimetulia tuli, ilhali hata kwenye baridi ile hutikisika. Dada, ambaye akishikilia lake habanduki, aliikataa tasnifu ya kijana, naye akaacha chuo, akawa fundi wa majokofu. Mwaka 2003 dada alirudia hesabu, akakuta kijana alisema kweli, na majuto ni mjukuu, jamani, kwani tangu hapo alisikia hatua za kijana yule koridoni mchana kweupe, akafungua mlango, hakuna mtu.

Alipougua kisukari, Januari 2021, fundi yuleyule aliitwa mara tatu kutengeneza friji ya dawa zake, na mara zote dada alimkaribisha, akamuuliza habari za watoto, akalimeza neno, hadi alipofariki hospitalini tarehe 19 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Ameandika hivi: kwamba fundi alikuwa sahihi, kosa lilikuwa lake, alilijua miaka ishirini, na aliogopa. Fundi, nakuona umesimama pale nyuma. Tunakuomba msamaha, wala hatudai jibu kwako.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, na walimu wenzake. Dada, nimeisoma yote, sasa pumzika kwa amani.