Kijiko Kimoja cha Shangazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, wakuu wa idara, wafanyakazi wenzangu wa kiwandani na wa ofisini, watoto na wajukuu wa mstaafu wetu, na ninyi mliosimama kule mlangoni kwa sababu idara ya uhasibu iliwahi viti vyote, habari za mchana.

Nimepewa dakika tano nimuage mpishi wa kantini yetu, ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi, wakiwemo wazee waliomzidi umri. Ningeweza kusema ametulisha miaka ishirini na miwili, nikakaa. Lakini mimi ni mkuu wa masoko, na mtu wa masoko akishika kipaza sauti, kumnyang'anya ni kazi. Isitoshe, nina jambo limenikaba kooni tangu mwaka jana.

Mnakumbuka tulivyoanza kutengeneza video za mapishi ili kuuza viungo vyetu vya mchuzi? Tulipaka rangi stoo ya maboksi, tukafunga taa, tukamkodi mpishi wa hoteli mwenye kofia ndefu kiasi kwamba ilibidi tuchague: ama ionekane kofia, ama lionekane sufuria. Kuku wetu hakuwa hata ameiva. Tulimpaka mafuta ili ang'ae. Shangazi akapita na beseni lake, akachungulia, akauliza, "Huyo kuku mbichi aliyepakwa mafuta mnampeleka harusini?" Video ile ilitazamwa mara arobaini na moja. Mara nne nilikuwa mimi, kwa simu tofauti.

Ndugu Mkurugenzi, ulinipa mwezi mmoja, la sivyo stoo irudishiwe maboksi yake. Ndipo nilipokwenda kantini kumpigia Shangazi magoti. Alikubali kwa sharti moja: "Nitakachopika kiliwe. Mimi sipiki cha kuangaliwa." Na tulikula, jamani! Mpiga picha wetu aliongezeka kiuno mpaka akashindwa kupanda ile ngazi ya kupigia picha sufuria kwa juu.

Watazamaji walipofika maelfu, mimi, kwa kujiamini kwangu, nikatangaza kwamba Jumamosi tungepika moja kwa moja, watu wakitazama papo hapo. Nikampa Shangazi karatasi ya maelekezo, yale yale yaliyokuwa nyuma ya pakiti. Akapika, akasoma, akafika mahali palipoandikwa, "Mimina pakiti yote." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani kaandika hivi?" akauliza, maelfu wakimsikiliza. "Jamani mnaonitazama, msithubutu. Chumvi yote hii ni ya nini? Wekeni kijiko kimoja, mfunike, pakiti mkaitunze."

Mimi nilikuwa nyuma ya kamera, napitisha kidole shingoni ili aache. Mnajua alichosema? "Na wewe unayejichinja hapo nyuma, una nini? Njoo uonje."

Nani alikuwa ameandika "mimina pakiti yote"? Ni mimi, ndugu zangu. Sikuwahi kupika nikapima. Nilifikiri tu kwamba pakiti ikiisha leo, kesho itanunuliwa nyingine.

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi aliniagiza niandike barua ya kumwachisha kazi Shangazi, naye alibakiza miezi kumi tu astaafu kwa heshima. Nikaiandika. Nikaenda nayo jikoni, nimeikunja mfukoni. Akaniona, akasema, "Kaa, baba, umekonda kwa mawazo." Akanipakulia. Nilikula sahani mbili, barua ikiwa mfukoni, na kila nilipotaka kuitoa aliniongezea mchuzi. Nikaondoka nayo.

Kabla wiki haijaisha, simu za mauzo zilikuwa haziwekwi chini. Watu waliokuwa wameacha viungo vyetu kwa sababu ya chumvi walikuwa wamerudi, kila mmoja anaulizia vile vya kijiko kimoja. Mkurugenzi akaniita, nikajua nimekwisha. Badala yake akanishika mkono, akaniambia, "Bwana, hii mbinu yako ya kusema ukweli ni ya hatari!"

Mbinu yangu? Nilipaswa kumjibu palepale. Nilitabasamu. Na kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka nikaitwa mbele ya ukumbi huu huu, nikakabidhiwa ngao ya Mbunifu wa Mwaka. Nikatoa na hotuba, tena ndefu. Shangazi alikuwa pale nyuma anagawa sahani. Aliziweka chini akanipigia makofi kuliko watu wote. Niliona aibu, na naiona mpaka leo.

Ndugu Mkurugenzi, naona unavyoniangalia. Kama kesho utahitaji barua nyingine, najua kuziandika. Lakini wazo lile halikuwa langu, na kosa lililosababisha wazo lile ndilo lililokuwa langu. Ngao hii hapa. Nimemwomba fundi afute jina langu aandike la mwenyewe.

Shangazi, nisamehe. Njoo uchukue kilicho chako, na ukifika hapa usimpigie mtu makofi. Leo mikono yako ipumzike.

Nanyi nyote mliotega masikio mpaka hapa, nawashukuru sana. Sasa simameni. Uhasibu nanyi, simameni.