Madam Nerima wa Maji Mlango kwa Mlango

Madam Nerima Makhanu anamaliza kazi ya probesheni Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, baada ya miaka thelathini na mbili, na hiyo miaka karibu yote ameikanyagia hapa Nakuru. Joan wa ofisi ameniwekea simu karibu na mdomo niongee, yeye ataandika, isomwe kwa sherehe ya kumuaga. Nimemwambia aandike vile nasema, asiongeze sukari. Mimi ni Mama Owino. Nauza samaki pale kona ya mtaa wa Rhonda, na nyumba kumi ya hapo ni mimi naisimamia. Shule sikuona. Lakini Madam nimemuona, na leo nimekasirika.

Siyo yeye amenikasirisha. Ngojeni, nakuja hapo.

Joan alinisomea kwanza ile karatasi ofisi ilikuwa imeandika. Ati alizaliwa Kimilili, ati akasoma, ati anapenda kuimba kwaya. Sasa hiyo ni nini? Hata mimi naimba. Hiyo karatasi haijui huyu mama. Kazi yake ilikuwa hivi: kijana akitoka borstal, ile jela ya vijana, Madam ndiye anamrudisha kwao na kumfuata mpaka atulie. Wenzake wengi walikuwa wanafanyanga hiyo kazi na kiti. Kijana anakuja ofisi, anaweka sahihi, anaenda, basi. Na wakimpeleka nyumbani wanampeleka na gari ya serikali. Madam alikataa gari. Aliniambia, "Mama Owino, hiyo gari watu wanaijua ni ya kushika watu. Ukimrudisha mtoto nayo, umemshika tena."

Kwa hivyo alikuwa anatembea. Anashuka stage ya matatu na kijana wake, saa saba mchana, wakati watu wako nyumbani wanakula na milango iko wazi. Siyo jioni, siyo kwa giza. Kwa giza ni mwizi anaingia. Halafu wanaanza mlango wa kwanza. Kijana mwenyewe anabisha, anasema jina lake, anasema ametoka wapi, na anaomba maji ya kunywa. Maji tu. Wanaenda mlango wa pili. Hivyo hivyo mpaka wafike kwao.

Nyinyi mnajua Rhonda maji ni ya kununua kwa mtungi. Siku ya kwanza alinikuta nikikaanga samaki, mafuta iko moto, nikamwambia, "Madam, hii maji nimebeba na huu mgongo, na wewe unaniletea mwizi aimalize?" Akacheka. Akasema, "Mpe nusu kikombe, mama, hiyo ingine nitalipa mimi." Hakulipa mpaka leo! Lakini nilimpa kijana kikombe changu cha bati, nikinung'unika. Alikuwa mwembamba kama ufagio. Akakunywa, akasema asante, akaenda kwa jirani. Kufika mlango wa mwisho alikuwa amekunywa maji mpaka anatembea kama bata. Akauliza mama wa hapo, kwa heshima kabisa, "Shikamoo mathe, choo iko wapi?" Akakimbia kabla ajibiwe. Plot nzima, wapangaji wote, ilicheka mpaka watu wakashika ukuta. Na hiyo ndiyo siku alirudi nyumbani. Mtu umempa maji na mkono wako, halafu ukamcheka vile mnacheka mtoto wenu, utamrushia jiwe aje?

Huyo kijana nitamtaja. Msinikimbize.

Bwana yangu alikuwa wa reli, Mungu amlaze. Alikuwa anasema gari moshi haiangalii uso ya mtu, inaangalia njia imefunguliwa wapi. Mimi nafikiri vijana ni hivyo. Madam alikuwa anafungua njia. Amerudisha vijana Rhonda, Kaptembwo, Lanet, mpaka kule Dundori kwa viazi, kwenye mbwa ya mtu ilimrarua sketi akamaliza milango yote akiwa amejifunga leso ya mwenye mbwa. Wengine wake sasa wanaendesha malori. Mmoja ananyoa watu nywele. Msichana mmoja ni mwalimu wa nasari, na wazazi wenye wanampelekea watoto ni wale wale walimpa maji.

Sasa hasira. Mwaka juzi Madam alifanyiwa operesheni akalala wiki mingi. Wakati huo Kipyegon alikuwa anatoka. Kipyegon wa Mama Jepkorir, kijana mpole tu, aliharibiwa na marafiki. Hakuna mtu wa kutembea na yeye. Wakamleta na gari jioni, wakamshukisha kwa ofisi ya chifu, wakaenda. Hakubisha kwa mtu. Hakuna mtu alimwangalia machoni. Kabla mwezi uishe, mtungi wa gesi ukapotea kwa plot. Nani alikuwa hapo mgeni? Walimfuata na mawe na yeye akaruka ukuta akaenda na upande wa reli. Mtungi ulipatikana: shemeji ya mwenye gesi ndiye alikuwa ameuchukua. Kipyegon hajapatikana. Mama Jepkorir mpaka leo haweki komeo kwa mlango. Na wale walirusha mawe wananunua samaki kwangu, wananiambia "mathe niongezee pilipili." Naongeza. Lakini nawajua.

Sasa Jumatatu, siku tatu baada ya nyinyi kukata keki, anatoka Fancy. Fancy wa Cheptoo, ile mama anafulia watu nguo. Huyu msichana alikuwa kwa kundi la wasichana wenye walichoma bweni ya shule, wenzao wakiwa preps, kusoma jioni. Mungu alisaidia hakuna mtu aliungua, lakini masanduku iliisha yote, na wazazi walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Fancy amekaa ndani, amejifunza kushona, ameandikia wazazi barua ya kuomba msamaha. Wanamwita Kiberiti. Hata watoto wadogo wakipita kwa Cheptoo wanaimba, "Kiberiti anakuja, ficheni mafuta!" Na mwenye plot amemwambia Cheptoo achague: msichana ama nyumba. Kwa nini? Kwa sababu mtu mmoja wa plot alienda akamwambia, "Kiberiti akiingia hapa, sisi wote tunatoka."

Huyo mtu ni Thuo wa posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Sanduku ya msichana wake iliungua huko, kwa hivyo hasira yake naielewa. Mimi pia naijua hasira, ndiyo hii naongea nayo. Na Thuo ndiye mwenyekiti wa kamati ya hii sherehe. Ndiye amelipia hema mmekalia.

Na Thuo ndiye yule kijana wa ufagio. Simfichui. Yeye mwenyewe anashuhudianga kanisani kila mwaka, anasema Bwana alimtoa mbali. Bwana alimtoa, ni kweli, lakini Bwana alimtoa na miguu ya Madam Nerima, na alimpitisha kwangu. Alirudi vizuri mpaka tukasahau aliwahi kwenda. Hata yeye amesahau! Hiyo ndiyo kazi ya Madam ikifanywa vizuri: mtu anasahau alikuwa nje ya mlango, halafu anasimama kwa huo mlango anazuia mwenzake. Thuo mwanangu, nakupenda, na nimekukasirikia.

Nyinyi wakubwa wa ofisi pia msiangalie chini. Madam aliwaomba. Alisema, niachieni hiyo Jumatatu moja, nimalize na Fancy, halafu niende. Mkamwambia ati Ijumaa akirudisha kitambulisho cha kazi yeye ni raia, hawezi kupokea mtoto wa serikali. Mwingine wa kuchukua kiti atatumwa. Lini? Atatumwa. Na Fancy ataletwaje? Na gari. Atashukishwa wapi? Kwa chifu. Mnanisikia? Mama ameweka miaka yake yote kuwaonyesha njia, na siku anatoka mnarudi kwa ile ya Kipyegon. Halafu mnamkatia keki.

Basi sikieni. Kuomba maji hakuhitaji kitambulisho. Nimeenda kwa chifu na Cheptoo, tumekubaliana gari ije asubuhi, na ikimshukisha tu tunamchukua, tunarudi na yeye mpaka stage, tunaanza pale chini vile Madam alikuwa anaanza. Saa saba mchana. Magoti yangu ni mabaya, kwa hivyo tutaenda polepole na kila mtu atatuona. Mlango wa kwanza ni posho mill. Fancy atabisha mwenyewe, atasema jina lake, atasema alichoma nini. Thuo, zima hiyo mashine usikie. Ile siku yako mimi sikukuuliza uliiba nini. Nilikupa kikombe.

Madam, watu wa ofisi wanataka nimalize na maneno tamu. Asante kwa sketi iliraruka. Asante kwa yale maji hukulipa. Asante kwa niaba ya Mama Jepkorir, mwenye anajua ungekuwa mzima siku hiyo mtoto wake angekuwa nyumbani. Enda Kimilili ulime mahindi yako, uimbe hiyo kwaya, ulale mchana bila mtu kukuita. Mungu akuwekee miaka mingi na miguu mizuri, kwa sababu hiyo yako umeitumia kwetu. Kaa na raha, dada yangu.

Na Jumatatu usikuje. Wakisema wewe ni raia, kaa kama raia, uweke miguu juu ya kiti. Jioni simu yako ikilia, ni mimi. Sitaongea mingi, siku hiyo peke yake. Nitakwambia tu Fancy amekunywa vikombe ngapi.