Sakafu Iliyonifukuzia Rafiki Zangu

Amahoro kwenu nyote, ndugu zangu mafundi, na ninyi akina mama mliokuja kutusikiliza. Mwenyekiti wetu ametaka kila tunapokutana mmoja asimame aeleze kazi moja iliyomshinda. Siku alipolisema hilo, wengi wetu tulitazama chini. Mimi nilitazama chini kuliko wote. Leo zamu imenifikia. Niwieni radhi nikienda polepole, maana ndivyo nilivyo hata nikifundisha kupiga randa. Watu nitakaowataja sitawapa majina. Wengine wako humu.

Mnanijua kama seremala. Nyumba yangu iko kule chini, karibu na ziwa, ambako ukichimba shimo la mti wa uzio unakuta mchanga umelowa. Mke wangu alipofariki, na binti yangu wa pekee akiwa ameshaolewa Kabezi, nilibaki na sebule, vyumba viwili, na kimya. Kilichonishikilia ni rafiki zangu watatu. Kila jioni walikuja kwangu. Walitawadha kwa birika pale kibarazani, wakaingia, tukasali magharibi sebuleni, kisha tukanywa chai hadi kila mmoja akumbuke ana nyumba yake. Hatukuongea mambo makubwa. Bei ya mawese, nani kapata mjukuu, mtumbwi wa nani umeibiwa injini. Lakini mtu aliyefiwa anajua thamani ya maneno madogo kama hayo.

Mmoja wa hao watatu alikuwa na magoti mabovu. Akisujudu kwenye simenti, kuinuka kulikuwa kazi. Mkeka haukumsaidia. Basi nikawaza: mimi si fundi? Nitaweka sakafu ya mbao. Nilichagua mbao nzuri za mkaratusi, nikazipiga randa mwenyewe, nikazibandika kwa gundi na kuzipigilia misumari moja kwa moja juu ya simenti, ukuta hadi ukuta, bila kuacha hata upenyo wa kupitisha ukucha. Juu nikapaka vanishi mara tatu. Jioni ile yule mwenye magoti alisujudu, akainuka bila kushika ukuta, akacheka. Nilijiona mtu mkubwa.

Mvua za kwanza zilikuwa hazijaisha. Ubao mmoja katikati ulianza kujiinua, ukafuata wa pili. Vanishi ikafanya ukungu mweupe. Nilipiga magoti nikatazama, nikaona alama za nyayo za maji kutoka mlangoni hadi mahali pa kusalia. Hapo ndugu zangu, nawaambia ukweli, akili yangu ilikimbilia jambo lililo karibu. Maji ninayaona, miguu ninaijua. Kesi imekwisha.

Nilivumilia siku chache. Kisha jioni moja, wakiwa bado wanavua viatu, nikawaambia, "Hii sakafu si ufuko. Mkitaka kumwaga maji, ziwa liko kule."

Wawili walidhani natania. Yule mwenye magoti aliona uso wangu. Akasema kwa upole, "Sawa, fundi. Tutakauka kwanza."

Tangu tulipojuana alikuwa hajawahi kuniita fundi. Aliniita kwa jina langu. Walikaa kibarazani, wakakausha miguu kwa vitambaa vyao, wakaingia wakinyatia kama watu walioingia nyumba ya mgonjwa. Wakasali, wakasema wana haraka, wakaondoka bila chai. Kesho yake walikuja wawili. Wiki iliyofuata hakuja mtu.

Mngenikuta siku hizo mngenihurumia, au mngenicheka. Nilikuwa na sakafu inayong'aa na hakuna wa kuikanyaga. Hata mimi niliikwepa. Nilikula kibarazani, nilisali kibarazani, niliingia ndani kulala tu, nikipita pembeni ya ukuta nimevaa soksi. Magharibi ilikuwa saa mbaya kuliko zote. Nilizoea kuchemsha maji ya vikombe vinne, na mkono wangu ulikuwa haujajifunza kupima kikombe kimoja. Nilimwaga chai nyingi sana mwaka ule.

Binti yangu alikuwa mjamzito. Alipokaribia kujifungua alinipigia simu. Mnajua desturi yetu, mtoto wa kike anarudi nyumbani kwao kwa siku arobaini. Mama yake hayupo, lakini nyumba ya mama yake ipo. Aliniambia, "Papa, nataka kuja kukaa kwako na mutoto." Mimi nikaona beseni la maji ya moto katikati ya sebule, nikaona nepi zinadondosha maji, nikaona mbao zangu. Nikamjibu nyumba iko na kazi kidogo, asubiri. Akasema, "Sawa, Papa." Arobaini yake akaimalizia kwa wakwe zake, wazuri kabisa, lakini si kwao. Mimi nikapaka vanishi mara ya nne.

Mafundi mmeanza kutabasamu, najua kwa nini. Subirini.

Sakafu haikusikia. Nilikuwa nimefukuza miguu yote, na bado ilivimba. Mlango ulifungwa, kitambaa kikavu kizingitini, na asubuhi nasikia ubao umelia na kuachana na mwenzake. Nikamlaumu aliyeniuzia mbao. Nikalaumu gundi. Nikalaumu hewa ya ziwa. Niliwalaumu wote isipokuwa yule aliyeshika nyundo.

Kisha malaria ikaniangusha. Siku tatu sikufungua karakana. Nyuma ya nyumba yangu anaishi mama mmoja anayenunua ndagala, vile visamaki vya ziwa, ufukoni na kuzianika. Tulikuwa tunasalimiana tu juu ya ukuta. Siku ya tatu aligonga mlango, akasema hajasikia msumeno wangu na anataka kujua kama niko hai. Nikajibu kutoka kitandani kwamba niko hai na kwamba akaushe miguu kwanza. Yaani homa inanitetemesha, na bado nalinda mbao.

Aliingia na sufuria ya uji. Nikamsikia anasimama sebuleni kwa muda. Akasema, "Muzee, hii si sakafu. Hii ni mutumbwi umepinduka."

Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Alininywesha uji, kisha akarudi sebuleni, akashika ubao mmoja uliokuwa umeshang'oka, akauinua. Harufu ilinifikia hadi kitandani. Akauleta akanionyesha upande wa chini, mweusi, una ukungu kama manyoya, na maji yanatiririka kwenye kiganja chake. Akaniuliza nani huwa anaingia humu. Nikamwambia hakuna mtu, kwa miezi saba sasa.

Akasema, "Basi maji haya yameingia na miguu ya nani?"

 Nimejiuliza swali lile hadi leo na jibu ni lile lile: si miguu ya mtu yeyote. Nililala nikitazama paa, na kilichonijia akilini haikuwa sakafu. Ilikuwa watu watatu wazima wamekaa kibarazani kwangu, wanafuta vidole vya miguu kimoja kimoja.

Nilipopata nafuu alinieleza kwa njia ya kazi yake. Ndagala ukizimwaga juu ya nailoni iliyolala mchangani, juu zinaonekana kavu, zinang'aa, na chini zinaoza, maana unyevu wake hauna pa kwenda. Ndiyo maana yeye anaanika kwenye chanja, wavu umeinuliwa juu ya miti, upepo upite juu na chini. "Wewe umelaza mbao kama mutu asiyejua kuanika," akaniambia. Miaka yangu yote ya useremala, nikafundishwa na muuza ndagala. Na alikuwa sahihi.

Naomba sasa mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo huzuni yangu inaweza kuwafaa. Simenti si jiwe gumu lisilopitisha kitu. Ina vitundu vidogo sana, nayo inanyonya maji kutoka ardhini kama kitambaa kilichochovywa ncha moja kwenye beseni. Ukiipapasa juu unaona kavu, kwa sababu unyevu ukifika juu unaruka na hewa. Sakafu yangu ilimwagwa juu ya mchanga mtupu. Hakuna aliyeweka kokoto chini, hakuna aliyetandika nailoni. Wakati ikiwa wazi ilipumua, na hatukujua lolote. Mimi nilipoifunika kwa mbao na kuziziba mbao kwa vanishi, unyevu ukakosa njia, ukaingia kwenye mbao. Na kila vanishi niliyoongeza kwa ajili ya kuokoa sakafu ilikuwa ni kufunga tena mlango ambao maji yalitaka kutokea. Yale maji ya nyayo yalikuwa yanakauka kabla hatujamaliza sala.

Msiniamini kwa maneno. Mimi pia sikuamini. Niling'oa mbao zote, nikasafisha simenti, na yule mama akanipa kipande cha nailoni anachofunikia ndagala mvua ikinyesha. Nikakilaza sakafuni, upana wa hatua moja, nikafunga pande zote nne kwa skochi, ule utepe wa gundi, pasipite hewa. Siku mbili. Nilipokibandua, upande wa juu ulikuwa mkavu na upande wa chini matone yalikuwa yamejipanga, na simenti pale chini imekuwa nyeusi. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kifanyeni kwenye kila simenti kabla hamjabandika chochote juu yake, iwe mbao, iwe zulia la plastiki, na hasa simenti mpya, ambayo ina maji yake yenyewe na inataka miezi ya kukauka, si siku.

Nikasubiri kiangazi. Nje nilichimba mfereji na kuinamisha ardhi, maji ya paa yaende mbali na ukuta. Ndani niliacha madirisha wazi wiki nyingi. Kisha nikatandika nailoni nene sebule nzima, kipande kimoja kikipanda juu ya kingine kwa upana wa kiganja na zaidi, viungo vimefungwa kwa skochi, na kingo zimepanda ukutani kidogo. Juu yake nikalaza mbao nyembamba za kubebea, zilizopakwa dawa, bila kutoboa nailoni. Mbao mpya nilizilaza humo humo sebuleni siku kadhaa zizoee hewa ya chumba, halafu ndipo nikazipigilia juu ya zile za kubebea. Pembeni ya kuta niliacha nafasi ya kidole, mbao zipate pa kutanukia, na nikaacha matundu ya hewa kwenye pembe. Mtakaojenga upya, nailoni hiyo itandikeni juu ya kokoto kabla ya kumwaga simenti. Ni rahisi mara kumi kuliko kung'oa.

Mvua zilikuja, zikaenda. Sakafu ikatulia. Lakini ndugu zangu, sakafu iliyotulia katika nyumba isiyo na mtu haina raha yoyote. Nilikuwa nimetengeneza kile kidogo kati ya vitu viwili nilivyoharibu.

Nilipanda basi hadi Kabezi. Binti yangu alinifungulia mlango, na mtoto alikuwa tayari anasimama mwenyewe. Mtoto aliponiona alilia, kama anavyolia kwa mgeni yeyote. Nilimweleza binti yangu kila kitu, pamoja na beseni la maji nililoliogopa. Nilitegemea akasirike. Alisema tu, "Papa, ningejua ni mbao, ningekuja na kitambaa. Mimi nilizani hunitaki." Alikuja mwezi uliofuata. Aliogesha mtoto katikati ya sebule, maji yakamwagika, nikaacha yamwagike.

Kwa wale watatu nilikwenda nyumba kwa nyumba. Wawili walinicheka. Mmoja aliniambia miguu yake imeshitakiwa bila wakili. Siku hizi wanakuja, si kila jioni kama zamani, lakini wanakuja.

Wa tatu, mwenye magoti, alinisikiliza hadi mwisho, akasema yameisha, akaniombea heri. Hajaja. Tukikutana sokoni ananisalimu vizuri. Bado ananiita fundi.

Namshukuru yule mama wa ndagala, aliyeingia nyumbani kwangu bila kuogopa maneno yangu. Nawashukuru waliocheka. Namshukuru binti yangu. Murakoze cane. Na kwenu mafundi ninayo haya machache: kazi ikiharibika mikononi mwako, chunguza kwanza kile ulichokifanya wewe, kilichofunikwa, usichokiona. Sakafu inang'oleka, na unyevu wa chini una dawa. Ukimshitaki rafiki kwa kosa la simenti, hakuna nailoni ya kurekebisha hilo. Inabaki kwenda kwake, na kwenda tena.

Yule wa tatu yuko humu leo. Msigeuke kumtafuta, mtamtia haya bure. Ndugu yangu, nilikukosea mbele ya watu wawili, basi nimesema mbele ya hawa wote. Sikuombi uje kwangu. Nimemaliza, na sirudi kukaa pale mbele nilipokuwa. Naja huko nyuma. Kama kuna nafasi kwenye benchi lako, nisogezee.