Mama Funga Kitabu Anastaafu Bila Kutuachia Mwongozo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mratibu wa vikao vya stadi za kujifunza anastaafu rasmi. Wanafunzi humwita Mama Funga Kitabu, na jina hilo limemkaa. Wasifu huu umeandikwa na mtu aliyeketi meza inayopakana na yake kwa miaka kumi na minne, na kwa hiyo msomaji asitarajie utulivu kamili.

Alianza akiwa karani wa usajili hapa chuoni. Dirishani kwake walipita vijana waliofaulu vizuri sekondari, na miezi minane baadaye baadhi yao walirudi kuchukua fomu za kuacha masomo. Alipowauliza walisomaje, wote walijibu kwamba walisoma sana. Hakuna aliyeweza kueleza alichosoma. Ndipo akaomba chumba, Jumamosi moja kila mwezi, awakutanishe wanaotarajia kujiunga na chuo kikuu kabla hawajafika. Alipewa stoo ya karatasi. Yeye hakulalamika. Tulilalamika sisi, maana karatasi zilihamia ofisini kwetu na ziko hapo hadi leo.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuuvumilia. Kila mshiriki husoma ukurasa mmoja, hufunga kitabu, humgeukia jirani na kumweleza. Jirani huuliza mpaka mwenzake akwame. Pale alipokwama huandikwa ubaoni, na hilo ndilo somo la siku. Maana yake ni kwamba hakuna ajuaye mapema kitakachofundishwa, hata mwalimu mwenyewe. Katika fomu ya ratiba, kwenye nafasi ya mada, aliandika neno lilelile kwa miaka yote: “Itajulikana.” Vikao vilipohamia ukumbini, viti navyo havikupata kupumzika, maana kila mtu alikiburuta chake amgeukie jirani. “Mama, hivi viti vimekukosea nini?” mhudumu wa ukumbi alimuuliza kila alipokuja kuvipanga upya baada ya kikao.

Mwandishi wa wasifu huu aliwahi kujaribu kuleta nidhamu. Alihudhuria vikao sita, akanakili kila kitu, akatunga mwongozo wa kurasa arobaini na mbili na kuugawa wiki moja kabla ya kikao. Vijana sitini walifika wakiwa wameukariri wote. “Mimi nakwama ukurasa wa tisa, aya ya pili,” binti mmoja alitangaza kwa fahari, kabla hata hajaulizwa. Mama alikusanya nakala zote, akamgeukia mtungaji. “Ndugu yangu, umewafundisha hata kukwama kwa adabu.”

Mwezi Machi mambo yakawa mazito. Uongozi ulitoa waraka: kikao chochote kisicho na mwongozo ulioandikwa kitaondolewa kwenye ratiba siku mratibu wake atakapoondoka. Waombaji mia moja na ishirini walikuwa wamekwisha kujiandikisha kwa Julai. Tulimsihi aandike japo kurasa tatu. “Nikiandika, mtasoma,” alijibu, kana kwamba kusoma ni kosa la jinai. Tulimwendea mumewe, seremala, atusaidie kumshawishi. “Shemeji zangu, poleni,” alisema. “Mimi hata orodha ya sokoni hajawahi kuniandikia. Ananieleza, halafu ananiuliza.”

Wiki mbili zilizopita aliitwa mbele ya kamati ya uongozi iliyoutoa waraka huo. Alifika mikono mitupu, akampa kila mjumbe nakala ya waraka wao wenyewe na kuwaagiza wasome, wafunike, waelezane. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeutia saini, alikwama sentensi ya tatu.

“Sasa huo mwongozo unaotakiwa ni wa nani, wa mwalimu au wa mwanafunzi?” mhasibu aliyekaa pembeni yake aliuliza.

“Ni wa… ngoja nifunue kidogo.”

“Hairuhusiwi, bosi.”

Walibishana dakika arobaini. Hatimaye mwenyekiti alisimama mwenyewe, akaliandika swali hilo ubaoni, na kamati ikakiri kwamba haikuwa na jibu. Waraka ulirudishwa kuandikwa upya. Vikao vitaendelea kwa mwaka mmoja wa majaribio, bila mwongozo, chini ya watumishi wawili. Mmoja wao ni mtunzi wa zile kurasa arobaini na mbili. Mama alipoombwa akae nyuma ya chumba siku ya kwanza, walau kwa nusu saa, alikataa palepale.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya Julai tutasimama mbele ya vijana mia moja na ishirini, bila karatasi ya kujifichia, nao watatuuliza mpaka tukwame. Umetukera kwa ustadi usio na mfano, Mama, na chuo hiki kina wahitimu wengi ambao bila wewe wangerudi dirishani kuchukua ile fomu. Pokea shukrani zetu zote. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na nyumba yenye furaha. Asubuhi ya Jumamosi hiyo, tafadhali, usizime simu.